Anayesema kwanza hulipa

Kipindupindu cha mwaka 1869 hakikuja na jahazi. Watu wa mwambao walizoea kuitazama bahari kila walipongoja balaa, maana maradhi mengi yalikuwa yakishuka bandarini pamoja na shehena. Mara hii balaa lilitokea mgongoni. Liliteremka na misafara ya pembe za ndovu kutoka Umasaini, likaingia Pangani, na kabla mwaka haujaisha likawa limeshavuka hadi Unguja. Kutoka Unguja ndipo likapanda vyombo na kusambaa mwambao mzima, kusini hadi Msumbiji na visiwa vya Ngazija, kisha likarudi tena bara kwa njia zile zile za misafara.

Njia hiyo tunaijua kwa sababu ya daktari mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, na ambaye mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya vipindupindu vya Afrika Mashariki. Hakuwahi kukiona kijidudu chenyewe. Robert Koch alikuja kukitambua karibu miaka kumi baadaye. Christie alichokuwa nacho ni masikio. Alikaa na wafanyabiashara, wakuu wa misafara na mabaharia akawauliza mlipita wapi, mlikutana na nani, watu walianza kufa lini. Kwa kuungaunga majibu yao akaufuata ugonjwa kinyumenyume: Unguja, Pangani, Umasaini, Habeshi, Bahari ya Shamu, hadi Makka, ambako ulizuka mwaka 1865 wakati wa hija.

Kila ninapopita Pangani na kusubiri kivuko cha kwenda Bweni, huwa nawaza juu ya wale watu aliowauliza. Habari walikuwa nayo kichwani. Mpagazi aliyetua mzigo wake ufukweni pale alijua kuwa huko nyuma wamezika wenzao, na alijua wamekufa kwa nini. Christie hakuvumbua kitu ambacho hakuna aliyekijua. Aliwakusanya watu waliojua, tena baada ya watu kwisha kufa.

Je, wangeulizwa mapema wangesema? Jiweke mahali pa mfanyabiashara aliyechukua bidhaa kwa mkopo Unguja, akapotelea bara miezi na miezi, na sasa amerudi na pembe. Mdai anamngoja ng'ambo. Akifungua kinywa kwamba msafara wake una watu wanaotapika na kuharisha, atawekwa nje ya mji, wapagazi watamkimbia, na deni litazidi kunenepa. Mimi ningenyamaza. Nadhani na wewe ungenyamaza.

Tuna methali tunayopenda kumtupia mgonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, humuumbua. Lakini methali hiyo nimeisikia misibani mara nyingi mno, na kila mara inamlenga marehemu au watu wa nyumbani kwake, kana kwamba walificha kwa ujinga au kwa ukaidi. Kila nikisoma habari za magonjwa ya mlipuko ya zamani, naona kitu kingine. Watu hawafichi ovyo. Hupiga hesabu: nikisema, nitapata nini, na nitapoteza nini? Mara nyingi jibu la hesabu hiyo limeandaliwa na wakubwa, na limeandaliwa vibaya.

Tazama Bombay. Tauni iliingia mji ule mwaka 1896, na Bombay haikuwa mbali na sisi. Kila kaskazi ilileta vyombo kutoka huko. Mapema mwaka 1897 serikali ya Waingereza ikatunga sheria ya magonjwa ya mlipuko iliyoruhusu karibu kila kitu: kupekua nyumba, kuchukua wagonjwa kwa nguvu, kuteketeza vitu, kuvunja. Kule Pune, kusini-mashariki mwa Bombay, kazi hiyo walipewa askari. Waliingia hadi vyumba vya ndani vya wanawake. Watu wakawa wanaficha wagonjwa na kuzika maiti kwa siri, na afisa aliyesimamia kamati ya tauni, W. C. Rand, akapigwa risasi usiku wa tarehe 22 Juni 1897, akafa siku chache baadaye. Tauni haikupungua kwa upekuzi ule. Iliendelea kuua Wahindi kwa miaka mingi, kwa mamilioni. Nairobi nako, tauni ilipoonekana mwaka 1902, jibu lilikuwa kuchoma moto soko la Wahindi. Mwenye duka aliyeona panya wamekufa stoo kwake alijifunza nini kutokana na hilo? Kwamba azoe panya wake kimyakimya, afagie.

Tauni kwangu si jambo la vitabuni peke yake. Upande wa mama ni Wasambaa wa Lushoto, na milima ya Usambara ya Magharibi ilikaa na tauni tangu mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Kwa muda wote huo waliougua ni zaidi ya watu 7,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, hasa vijiji vya upande wa Shume, Mtae na Mlalo. Watu wa mijini huwa hawaamini nikiwaambia kuwa ugonjwa ule ule uliofyeka nusu ya Ulaya karne ya 14 ulikuwa hapa mkoani Tanga wakati sisi tunasikiliza redio kaseti.

Likizo za utotoni tukipelekwa kwa bibi, amri ya kwanza ilikuwa hii: panya aliyekufa haokotwi kwa mkono, haburuzwi kwa mkia, wala harushiwi mwenzio, mwite mtu mzima. Sisi watoto wa Tanga mjini tuliona ni mambo ya bibi tu. Kumbe bibi alikuwa anarudia alichoambiwa na watu wa afya. Bakteria wa tauni huishi kwa panya na husafirishwa na viroboto. Panya akifa akapoa, kiroboto hutafuta damu nyingine yenye joto, na aliyelala karibu ni mtoto juu ya mkeka. Nyumba nyingi zilihifadhi mahindi darini, basi panya wakawa wanaishi juu ya vichwa vya watu, wanakula wanashiba. Watu wa afya walikuja na dawa ya unga ya kuua viroboto, vyombo vikatolewa nje, unga ukanyunyizwa pembeni mwa kuta na kwenye matundu. Bibi alilalamikia harufu mwezi mzima.

Dawa ya mgonjwa ilikuwepo, na haikuwa ya ajabu. Tauni hutibika kwa antibayotiki za kawaida kama mtu atawahi. Asipotibiwa, ile ya mitoki huua kati ya watu 30 na 60 kwa kila 100, na ikifika mapafuni karibu hakuna anayepona bila dawa. Kwa hiyo umbali kati ya kupona na kufa ulikuwa siku mbili tatu, na siku hizo ndizo watu walizozitumia kunyamaza.

Walinyamaza kwa nini? Nilimuuliza bibi nilipokuwa mtu mzima, naye akanisimulia habari ya kijana mmoja wa jirani. Alishikwa na homa kali, kinena kikavimba. Watu wa nyumba ile walikubaliana kusema ni mtoki wa kidonda, maana alikuwa na jeraha mguuni, na kila mtu anajua kidonda cha mguu huleta mtoki. Sababu ya kweli ilikuwa kabichi. Magari ya mboga yalikuwa yanapanda kutoka chini kuchukua kabichi na karoti za kwenda Tanga na Dar es Salaam, na habari ya tauni ikitangaa, madereva hawapandi. Kabichi haingoji mtu apone. Ikawa shangazi yake yule kijana amevunja mapatano, akamfuata bwana afya usiku. Kijana akachukuliwa, akachomwa sindano, akapona.

Na yule shangazi?

"Walimnunia miaka," bibi alisema. "Walisema katoa ya ndani kayapeleka uwanjani. Harusini hawakumwita kupika."

Mimi naona huyo mwanamke alikuwa mfumo mzima wa kutoa taarifa za magonjwa, mtu mmoja mwenye khanga na tochi. Aliokoa mpwa wake na pengine nusu ya kijiji, na malipo yake yakawa kunyimwa nafasi kwenye sufuria la pilau. Hakuna warsha niliyowahi kuisikia inayozungumzia sufuria hilo.

Sasa nishuke hadi mjini. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilipanda na kushuka nchini mwaka mzima uliofuata, kikagusa mikoa mingi, Tanga ikiwemo, na waliougua Tanzania Bara pekee walizidi 20,000. Wakati huo shangazi yangu mimi, dada yake baba, alikuwa akiuza bajia, mihogo na maji ya ukwaju kwenye kona moja ya Ngamiani. Likaja tangazo la kawaida: marufuku kuuza chakula na vinywaji barabarani. Gari lenye spika likapita, na kesho yake meza zikazolewa. Sitaki kusema amri ile haikuwa na maana. Maji ya ukwaju yasiyochemshwa, yamewekewa barafu ambayo hujui imegandishwa kwa maji gani, ni njia nzuri sana ya kumpa mtu kipindupindu, na shangazi mwenyewe alilijua hilo. Lakini alikuwa na wajukuu wa kulisha, na tangazo halikusema atawalisha nini.

Akahamishia biashara uani. Wateja wakawa wanaingia kwa mlango wa nyuma, kwa kunong'ona, kama wanakwenda kununua gongo. Chakula kile kile, sasa kikawa mbali na macho ya bwana afya, tena kinapikwa karibu zaidi na choo. Na mtoto wa mpangaji alipoanza kuharisha maji, nyumba nzima ikakubaliana kwamba ni maembe. Akanunuliwa Flagyl duka la dawa. Kumpeleka kituoni kungeleta watu wenye mabomba ya kupulizia na maswali juu ya kinachouzwa uani. Alipona, alhamdulillahi, na hadi leo watasema ni maembe. Huenda ni kweli.

Kinachoniudhi katika habari hii ni kwamba kisima cha uani kilibaki pale pale, na choo cha shimo kilibaki pale pale, hatua chache kati yao. Mvua za masika zikianza, kuna watu mitaani kwetu huvitapisha vyoo; wanaojua wanajua: unatoboa, unaachia, mvua inachukua, asubuhi ni ya mtaa mzima. Hilo linafanyika usiku kwa sababu gari la kunyonya ni ghali. Mama muuza bajia anaonekana, ana meza na ana kanga ya kukamatwa. Maji machafu hayana shingo. Kwa hiyo kila mlipuko tunamkamata anayekamatika.

Ni haki niseme pia kwamba Tanga mjini tuna bahati ambayo miji mingi haina. Maji ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoanzia misitu ya Amani huko Usambara ya Mashariki, na mamlaka yetu ya maji ina sifa nzuri kuliko nyingi nchini. Mtu akiniuliza ni nini kimewakinga watu wa Tanga na kipindupindu kuliko chochote, nitataja bomba lile kabla ya spika zote za magari. London nayo ilijikinga hivyo hivyo: ilijenga mifereji mikubwa ya majitaka baada ya 1858, na kipindupindu cha mwisho kikubwa huko kilikuwa cha 1866, katika sehemu ya mji ambayo kazi ilikuwa haijakamilika. Maji safi hayamwombi mtu akiri chochote. Yanamkinga mwongo na mkweli sawasawa.

Na kwa aliyekwisha kuugua, kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua hadi nusu ya wanaokipata kwa ukali. Kikitibiwa vizuri hakiui hata mmoja katika mia. Tofauti hiyo kubwa hivyo, sehemu yake kubwa ni maji, chumvi na sukari. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walipojaa kambi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akaanza kuwapa watu maji ya chumvi na sukari wanywe, wakipewa na ndugu zao wenyewe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kila nyumba Ngamiani inaweza kuandaa hilo huku mtu anatafuta bajaji ya kwenda hospitali. Lakini lazima kwanza mtu akubali kwamba si maembe.

Korona sitaiandika sana, majeraha bado mabichi na kila mtu ana yake. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kufikia mwanzoni mwa Mei takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuendelea tena kwa zaidi ya mwaka. Sisi tukabaki na misiba. Mkono wa pole, ubani, halafu swali la chini chini: alikuwa anaumwa nini? Presha. Nimonia. Changamoto ya kupumua. Kila mtu akapiga nyungu nyumbani kwake na kufunga mdomo, kwa kuwa kusema kulikuwa kumegeuka kuwa siasa.

Katikati ya ukimya huo, mwishoni mwa Januari 2021, chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepata korona, yeye na mkewe. Alifariki tarehe 17 Februari. Sijui kama vijana wanaelewa uzito wa tangazo lile. Kwenye baraza za Tanga, ambako Maalim alikuwa na wapenzi wengi kuliko inavyosemwa, watu waliokuwa wakicheka barakoa wiki iliyotangulia walianza kuzivaa. Hakuna takwimu iliyofanya hivyo, wala katuni ya wizara. Alifanya hivyo mtu mkubwa aliyekubali kuwa mgonjwa mbele za watu. Julai ya mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alipochomwa chanjo hadharani, ilikuwa ni mlango ule ule unafunguliwa tena, ingawa wengi walikuwa wameshajifunza kutoamini mlango.

Na mataifa hayana ubora kuliko majirani wa bibi yangu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua kirusi kipya cha korona, kile kilichokuja kuitwa Omicron, wakautangazia ulimwengu ndani ya siku chache. Kazi safi kabisa. Uingereza, Marekani na nchi za Ulaya zikawajibu kwa kufunga ndege kutoka kusini mwa Afrika, wakati kirusi chenyewe kilikuwa tayari kimeshafika Ulaya. Yaani dunia nzima ilimnunia shangazi wa yule kijana wa kabichi. Kanuni za afya za kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulipima tukio na kuliona ni zito. Zinataka. Ila hazina namna ya kumlinda anayetii.

Upande wa pili wa hesabu umewahi kujaribiwa, na ulifanya kazi, tena kwenye pwani yetu hii hii ukipanda kaskazini. Ndui ya kuambukizana kwa njia ya kawaida ilimalizikia Merka, mji wa Somalia kati ya Mogadishu na Barawa. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wenye ndui lilisimama hospitali ya Merka kuuliza njia ya kambi ya wagonjwa. Mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin, akaingia garini kuwaonyesha. Safari ya dakika chache. Hakuwa na chanjo iliyoshika. Baadaye alieleza kwamba alikuwa anaogopa maumivu ya sindano, naye ni mfanyakazi wa hospitali! Siku kumi baadaye homa ikampanda. Wakamtibu malaria. Vipele vikatoka, wakasema tetekuwanga, wakamruhusu arudi nyumbani, ambako marafiki walikuja kumjulia hali kama ilivyo ada.

Kilichokomesha mnyororo ule ni kwamba wakati huo taarifa ya ndui ilikuwa na zawadi ya fedha. Mtu akatoa taarifa. Ndani ya majuma machache watu 161 waliokutana naye walitafutwa na kufuatiliwa, wakazi zaidi ya 50,000 wakachanjwa, na hakuna mwingine aliyeugua. Tarehe 8 Mei 1980 ndui ikatangazwa kuwa imetoweka duniani. Miaka ya mwisho ya kampeni ile zawadi ilipandishwa hadi dola 1,000, na taarifa nyingi zilizoletwa zilikuwa tetekuwanga tu. Waliokuwa wakisimamia hawakulalamika. Kila tetekuwanga iliyoletwa ilikuwa ushahidi kwamba watu wanasema.

Najua kuna watakaosema kulipana fedha kwa habari za mgonjwa ni kununua umbea. Sisi wa Tanga umbea tumeutoa bure miaka yote, hatujalipwa hata thumni, kwa hiyo hoja hiyo hainitishi. Kinachonivutia zaidi kwa Maalin ni baadaye. Alipona, na uzeeni akawa akizunguka Somalia kuwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia habari yake mwenyewe. Alikufa Julai 2013 kwa homa ya malaria akiwa katika kazi hiyo. Aliyeogopa sindano ndiye aliyewafaa waoga.

Fedha si sarafu pekee. Liberia, wakati wa Ebola mwaka 2014, iliamuru maiti za Monrovia zichomwe, na matokeo yake watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Hali ilianza kulegea nchi zile zilipokubali maziko salama yenye heshima, ndugu wakiwa wanaona, sheikh au padri akiwa anaomba. Kwa Muislamu wa hapa kwetu, kuambiwa kwamba baba yako ataoshwa na nani na ataswaliwa vipi ni habari nzito kuliko matokeo ya maabara. Ukinijibu swali hilo mapema, kabla ugonjwa haujabisha hodi, nitakupigia simu mwenyewe.

Kagera imetupa mifano miwili ya karibu ya kasi ya kusema. Machi 2023 Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ilipoonekana Bukoba, serikali ilitangaza tarehe 21, na kufikia 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kwisha: wagonjwa tisa, sita wamefariki. Januari 2025 Biharamulo mambo yalikwenda mwendo mwingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari tarehe 14, wizara ikasema vipimo havikuonyesha kitu, na tarehe 20 Rais akathibitisha kwamba Marburg ipo. Wagonjwa kumi, wote wakafa, wanane kati yao kabla ya kuthibitishwa kwa vipimo. Siku sita za "haipo, ipo" zinaweza kuonekana kidogo ukizitazama kutoka Tanga. Muulize muuguzi wa zahanati aliyekuwa anapokea wagonjwa wenye homa siku hizo sita akiwa na glovu za kuhesabu.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Nimeshawaona wa mtaani kwetu, wana begi na fulana, wanajua nyumba ipi ina mjamzito na ipi ina mzee wa kisukari. Ni wazo zuri, na nafurahi kwamba safari hii kuna posho. Ila nina swali moja ninalowauliza kila nikiwakuta, nao hucheka tu: mama muuza bajia akikuita pembeni akakwambia mwanangu anaharisha maji tangu alfajiri, begini mwako kuna nini cha kumpa? Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, zipo, namba ya bure ya 199 ipo. Je, kuna fungu la kumlipa unga na mafuta kwa wiki mbili atakazofunga meza? Nilimuuliza na mtendaji wetu wa mtaa hivi karibuni. Akaniambia nilete maombi kwa maandishi. Nimeyaandika, nakala mbili, na shangazi amesaini kama shahidi.